Usimfukuze mlinzi kwa sababu amepiga kelele

Kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo kila anayeandika PHP hukutana nayo siku moja, kawaida usiku, kawaida mteja akiwa ameshapiga simu mara tatu. Inasema: open_basedir restriction in effect. Ikikutokea, najua utakachofanya kwa sababu mimi nilikifanya. Utanakili maneno hayo, utayabandika kwenye Google, na jibu la kwanza au la pili litakuambia uizime hiyo open_basedir. Utaizima. Tovuti itafunguka. Utalala ukijiona fundi.

Nakuomba usiizime. Au basi, kabla hujaizima, nisome kwanza.

Mimi natengeneza tovuti, na naishi Hola. Ndiyo, Hola ya Tana River. Wewe uliye Nairobi au Mombasa ukisikia jina hili, kama umewahi kulisikia, unafikiria joto, mafuriko na basi la kwenda Garissa. Sawa, joto lipo. Lakini hapa pia shule zinataka tovuti, vikundi vya akina mama vinataka tovuti, na kila mwaka wa uchaguzi kuna mgombea wa wadi anayetaka tovuti ifikapo Ijumaa (kulipa ndiko huwa hakufiki Ijumaa). Kwa hiyo nilikodi seva ndogo ng'ambo nikaipangisha kama ploti ya vyumba vya kukodisha. Tovuti sita ndani ya ua mmoja, bomba moja la maji, geti moja. Landilodi ni mimi, keateka ni mimi.

Mmoja wa wapangaji wangu alikuwa mpango wa basari. Sitautaja. Wanafunzi walijaza fomu kwenye simu, wakapakia picha za karatasi zao: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, na kwa yatima, cheti cha kifo. Hizo karatasi sikuziweka ndani ya tovuti. Mjinga mimi si wa kiwango hicho. Niliziweka mbali, kwenye folda iitwayo /srv/nyaraka, nje kabisa ya eneo ambalo Apache inalionyesha dunia. Juu ya hapo nikaandika katika mipangilio ya Apache kwamba folda hiyo ni marufuku kwa kila mtu. Require all denied. Nikajipongeza.

Kisha mteja akataka kitu kidogo. Kamati inakaa kesho asubuhi, akasema, tunataka kila mwombaji achapishwe kwenye karatasi moja pamoja na picha za vyeti vyake. Ilikuwa saa nne usiku. Programu ya kuchapisha niliyoipata ilikuwa inatafuta picha ndani ya folda ya tovuti tu, na sikuwa na muda wa kuichokora. Nikaona njia ya mkato. Ndani ya tovuti nikatengeneza simlinki.

Kama hujui simlinki ni nini, nikueleze kwa mambo ya huku, maana sijapata mfano bora zaidi.

Mto Tana unapita katikati ya nchi kavu. Kando ya mto kuna mashamba, mengi yakiwa ya Wapokomo. Nyuma ya mashamba, mbali na maji, kuna malisho ya mifugo ya Waorma na Wawardei. Ng'ombe lazima anywe. Kwa hiyo tangu zamani kuna njia zilizoachwa wazi katikati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni, na njia hizo zinaitwa malka. Malka yenyewe haina maji wala nyasi. Ni njia tu. Thamani yake, na hatari yake, iko upande ule inakotokea.

Simlinki ni hivyo hivyo. Ni faili ndogo isiyo na kitu ndani ila anwani ya mahali pengine. Ukiifungua, kompyuta inakupitisha mpaka kule inakoelekeza, wala hujui umehama. Imekuwepo kwenye mifumo ya Unix tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo iko kila mahali. Kama unatumia Laravel, ile amri ya storage:link uliyoambiwa uiandike bila kuelezwa kwa nini inatengeneza simlinki. Inachonga malka kutoka folda ya hadharani ya tovuti hadi kwenye ghala la faili zako. Amri yenyewe haina kosa lolote, maana inaelekea kwenye folda iliyopewa kabisa jina la public. Kosa ni la anayeweka vitambulisho vya watu humo.

Na malka inaweza pia kuelekea pasipo na kitu. Mradi wa kilimo cha umwagiliaji wa Hola ulianza 1953 ukitegemea maji ya kupampu kutoka Tana. Mwaka 1989 mto ulihama mkondo. Mitambo ikabaki imekodolea macho mchanga, mradi ukaanguka, na watu wazima wa huku bado wanahesabu miaka kwa tukio hilo. Ukihamisha folda ukasahau simlinki iliyokuwa ikiielekea, unapata kitu kama hicho. Njia ipo, mto haupo. Hiyo ni hasara, lakini angalau haimwagi siri ya mtu. Balaa ni simlinki inayofika.

Yangu ilifika. Niliiita faili, ikatoka ndani ya tovuti ya basari hadi /srv/nyaraka. Nikaendesha programu ya kuchapisha, na PHP ikagoma: open_basedir restriction in effect.

Hapo PHP ilikuwa inasema hivi: nimeambiwa nisitoke nje ya folda ya tovuti. Umenipa njia inayoonekana iko ndani, lakini nimeifuata hadi mwisho, na mwisho wake uko nje. Siendi. Ndivyo open_basedir inavyofanya kazi. Haiangalii jina la njia uliyoipa. Inafumbua simlinki zote mpaka ipate mahali halisi, kisha inauliza kama mahali hapo pamo kwenye orodha iliyoruhusiwa. Ujumbe ule ulikuwa habari sahihi kabisa, tena ya bure, kutoka kwa mlinzi aliyekuwa macho saa nne usiku. Alikuwa ananiambia kwamba nimetoboa ukuta.

Mimi nikamfuta kazi. Nilifungua php.ini kuu, ile inayotawala tovuti zote sita, nikafuta mstari wa open_basedir. Kwa kuwa bado kulikuwa na malalamiko ya ruhusa, nikapiga na chmod 777 kwenye nyaraka zote. Karatasi zikatoka, safi, na kamati ikakaa. Mteja akanitumia pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa kweli lilipaswa kunitia wasiwasi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ilinichukua muda kuielewa, na ndiyo iliyonifanya niandike. PHP ilikuwa mlinzi mmoja. Kulikuwa na wa pili, yaani Apache yenyewe, na huyo hajui kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa open_basedir. Mtu akiomba picha moja kwa moja kwa anwani yake, PHP haihusiki hata kidogo. Apache ndiyo inayochukua faili na kumpa. Na Apache haihukumu kama PHP. Ukiiruhusu kufuata simlinki, inaifuata, lakini sheria inazozitumia ni za njia iliyopitia, si za mahali ilipofika. Maelezo yake rasmi yanasema hivyo wazi, tatizo ni kwamba nani huyasoma. Ile amri yangu ya kupiga marufuku /srv/nyaraka ilikuwa inamsubiri mtu aingie kwa mlango wa /srv/nyaraka. Aliyeingia kwa kupitia faili, ndani ya tovuti, alikutana na sheria za tovuti, na sheria za tovuti zilisema karibu.

Mlinzi mmoja anauliza unakwenda wapi. Mwenzake anauliza umetokea wapi. Mimi niliyeuliza swali moja tu, "mbona haifanyi kazi", nilimfukuza yule aliyekuwa na swali la maana.

Kuna na jingine. Ukiweka Apache kwenye Ubuntu au Debian bila kugusa kitu, folda ya /var/www inakuja ikiwa imeruhusiwa mambo mawili, FollowSymLinks na Indexes. La kwanza ni ruhusa ya kufuata simlinki. La pili linasema, kama folda haina ukurasa wa mwanzo, basi mwonyeshe mgeni orodha ya vyote vilivyomo. Kila moja peke yake ina sababu zake. Zikiwa pamoja, na simlinki kama yangu, ni sawa na kuacha kabati la karani wazi barabarani na kubandika juu yake orodha ya majina. Nami, kwa ustadi wangu, nilikuwa nimeweka fomu tupu humo humo na kuandika kwenye ukurasa wa mbele "Pakua fomu hapa" ikielekea kwenye folda nzima. Google ikaja kama inavyokuja kila mahali, ikaingia, ikasoma, ikaondoka na nakala.

Simu ilikuja wiki kadhaa baadaye. Namba nisiyoijua.

"Assalam aleikum, mwanangu. Wewe ndiye kijana wa kompyuta?"

"Waaleikum salaam. Ndiye, mama."

"Naomba uniambie. Karatasi ya marehemu mume wangu inafanya nini kwenye simu za watoto wa shule?"

Binti yake alikuwa ameomba basari. Mwanafunzi mwenzake aliandika jina la baba yake kwenye Google, kwa mchezo tu, na cheti cha kifo kikatokea, pamoja na sababu ya kifo. Sababu hiyo binti alikuwa hajaambiwa. Mama alikuwa amepanga kumwambia akimaliza kidato cha nne.

Sina namna ya kukuelezea nilivyojisikia, wala si muhimu. Niliondoa simlinki ndani ya dakika moja. Kuiondoa kwenye Google kulichukua siku kadhaa, na hata hivyo ile zana yao ya kuomba matokeo yaondolewe huyaficha kwa muda wa takriban miezi 6 tu, kwa hiyo lazima faili lenyewe liwe limeshatoweka. Kuliondoa kichwani mwa msichana wa miaka 16, hakuna amri.

Utasema, "Bro, hilo ni kosa lako, mimi sifanyi hivyo." Labda. Lakini nimekaa na vijana wengi wa kazi hii, wa hapa, wa Malindi, wa Nairobi, na wote tuna tabia ile ile. Kinachozuia tunakichukulia kama hitilafu. Tunafundishwa hivyo na video za dakika nane, ambazo mwalimu wake anataka ifike mwisho ikifanya kazi, si ikiwa salama. Ukikwama, 777. Ukikwama tena, zima. Mteja halipii usalama, analipia ukurasa unaofunguka. Na sisi wenyewe tumekulia mahali ambapo kila geti lina mtu wa kupitia kando, kwa hiyo tukiona geti tunatafuta kando.

Kwenye seva iliyopangishwa watu wengi, hiyo kando si yako peke yako. Nilipofuta ile open_basedir, sikuwafungulia watu wa basari tu. Tovuti zangu zote sita zilikuwa zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, www-data. Hiyo ina maana kwamba kama tovuti ya yule mgombea wa wadi ingeingiliwa, kupitia programu-jalizi moja ya WordPress ambayo haijasasishwa tangu kampeni, mwingiaji angeweza kusoma faili za majirani wote watano, pamoja na ile inayohifadhi paswadi ya hifadhidata. Mbinu ya kutumia simlinki kuchungulia nyumba ya jirani kwenye seva ya pamoja ni ya zamani sana, na kuna watu hawafanyi kazi nyingine. Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliyejiita direxer alizibadilisha sura tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Fikiria hiyo idadi, halafu ufikirie ploti yako.

Sasa usidhani nakuambia open_basedir ni ngao isiyotoboka. Sivyo, na atakayekuambia hivyo anakuuzia kitu. Mwaka 2006 mtafiti wa usalama Stefan Esser alionyesha kwamba inaweza kukwepwa kwa simlinki hizo hizo, kwa kuviziana na muda. Ni kama yule mlinzi wa supamaketi. Unampa mfuko, anachungulia, anaona mkate, anainamisha kichwa kuichora risiti yako. Katika sekunde hiyo unaubadilisha mfuko. Alichokikagua kilikuwa mkate kweli, ila si hicho ulichotoka nacho. PHP inakagua simlinki inaelekea wapi, kisha inafungua faili, na kati ya kukagua na kufungua kuna upenyo mdogo ambao skripti nyingine inaweza kuigeuza simlinki ielekee kwingine. Dawa inayojulikana ni kuzima kazi ya symlink ndani ya PHP kwa disable_functions, kwa sababu tovuti ya kawaida haina haja ya kujichongea malka yenyewe.

Apache nayo ina chaguo liitwalo SymLinksIfOwnerMatch. Linasema fuata simlinki ikiwa tu mwenye simlinki na mwenye kinachoelekezwa ni mmoja. Nalipenda. Linauliza swali ambalo mzee yeyote wa huku angeuliza kuhusu malka: hii njia aliyeifungua ni nani, na shamba inakopita ni la nani? Lakini hata hilo, waandishi wa Apache wenyewe wanaonya kwamba lina upenyo ule ule wa muda na halipaswi kuhesabiwa kama ukuta. Na kwangu mimi lisingesaidia chochote. Pande zote mbili zilikuwa zangu. Mwenye shamba ndiye aliyevunja uzio wake.

Wapo wanaosema kwa kuwa mlinzi anaweza kukwepwa basi hana faida. Hata PHP yenyewe ilikuwa na kitu kinaitwa safe_mode ikakitupa katika toleo la 5.4 mwaka 2012, kwa sababu kiliwapa watu imani ya uongo. Na ni kweli kwamba ukiwasha open_basedir, PHP huacha kukumbuka njia za faili ilizokwisha kuzikagua, kwa hiyo tovuti yenye faili nyingi inaweza kupunguza mwendo. Hoja hizo nazikubali. Ila anayezitoa huwa ameshatengeneza kitu bora zaidi, kila tovuti na mtumiaji wake wa mfumo kupitia PHP-FPM, ruhusa za faili zimebanwa, nyumba zimetenganishwa kwa kuta za kweli. Huyo akizima open_basedir, sina neno. Wewe na mimi saa nne usiku si huyo.

Nilisema malka ina hatari, na sitaki uchukulie mfano huu kama maneno matamu ya kijijini. Mwaka 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, na njia za mifugo kufika majini zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Tumekulia na habari hiyo. Hakuna mtu wa huku, mkulima au mfugaji, anayekuambia suluhisho ni kuondoa uzio wote, na hakuna anayekuambia ni kuziba malka zote. Wanakaa chini ya mti wanataja kila njia kwa jina, inaanzia wapi, inaishia wapi, inatumika lini. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo kazi.

Kuna rafiki yangu, mwanaharakati, aliyeniambia kwamba orodha za basari zinapaswa kuwa wazi kwa sababu zikifichwa ndipo pesa zinapoliwa. Ana haki. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Na Hola ni mji ambao unajua karatasi zikifichwa inakuwaje. Machi 3, 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya hapa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Mafaili mengi ya ukoloni wa Kenya yalikaa Uingereza, Hanslope Park, na serikali yao ilikuja kukiri kuwa nayo 2011. Kwa hiyo sihubiri kufunga kila kitu. Kiasi kilichotolewa kwa kila wadi, wekeni wazi. Idadi ya waliopata, wazi. Cheti cha kifo cha mume wa mtu ni suala la kifungu cha 31, kile cha faragha. Seva haiwezi kukuamulia kipi ni kipi. Inaweza tu kutekeleza ulichoamua, ikiwa uliamua.

Na kama huna huruma, basi kuwa na hofu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiulizi kama uko Westlands au Hola. Anayehifadhi data kwa niaba ya mwingine, yaani mimi na wewe mafundi, akigundua imevuja anatakiwa kumjulisha mwenye data, inapowezekana, ndani ya saa 48, na huyo naye amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Nilipompigia mteja kumweleza, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama tunaweza kunyamaza. Nikamwambia mama yule ana namba yangu, na kwa hiyo hatunyamazi.

Leo nyaraka bado ziko /srv/nyaraka. Hakuna simlinki inayoelekea huko. Anayetaka kuchapisha lazima aingie kwa jina lake na paswadi, na skripti ndiyo inayokwenda kuchukua picha na kumletea. Kwenye open_basedir ya tovuti hiyo peke yake nimeandika njia tatu, ya tovuti, ya nyaraka na ya faili za muda, kila moja ikiishia na mkwaju wake, maana katika matoleo ya zamani ya PHP ukiusahau, ruhusa ya /srv/nyaraka ilifungua pia /srv/nyaraka2. Indexes nimeizima seva nzima. Zile 777 nimezifuta, kila tovuti ina mtumiaji wake, na kazi ya symlink haipo. Yote hayo yalichukua alasiri moja, pamoja na saa mbili stima ilipopotea. Ule usiku wa kwanza, kuongeza njia moja kwenye ule mstari badala ya kuufuta, na kuielekeza programu iende huko yenyewe, kungenichukua pengine dakika ishirini.

Mama yule nilikwenda kumwona. Nilibeba simu nikamwonyesha nikilitafuta jina la marehemu, na hakuna kilichotokea. Akaniomba niandike tena, kwa herufi tofauti, halafu tena kwa jina la ukoo. Tukaandika mara tano au sita. Binti alikuwa jikoni, hakutoka.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Garsen, anayejenga tovuti ya shule, alinitumia picha ya skrini kwenye WhatsApp. Open_basedir restriction in effect. "Bro, hii naizima wapi?" Nikamwambia aandike kwanza ls -l kwenye hiyo folda, anitumie mistari yote yenye mshale, na aniambie kila mshale unaishia wapi na faili za huko ni za nani. Ameona ujumbe, alama za bluu ziko hapo. Bado nasubiri.